Pasti Saba za Fainali

Wanaosema sisi wa mji wa Larkin tulichukua ubingwa kwa akili ya Bwana Ellery Stannard hawajawahi kuingia jikoni kwangu. Bwana Stannard alikuwa na duka la dawa, alikuwa na masharubu yaliyopakwa mafuta yakasimama kama mishale ya saa, na alikuwa meneja wa timu yetu ya magongo ya barafuni. Akili alikuwa nayo, sikatai. Alichokosa ni ulimi. Aliweza kukuuzia dawa ya minyoo bila kukuangalia usoni, na ukimwuliza ni kijiko kimoja au viwili, jibu aliliambia kabati la chupa.

Mimi ni Loveday Trembath. Majira yale ya baridi nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nyumba ya kupangisha yenye vitanda kumi karibu na mgodi wa shaba, na timu nzima ilikuwa inalala na kula kwangu. Wanaume wanane waliolipwa kucheza. Wakati ule ukisema hivyo watu walikuomba urudie. Kulipwa? Kwa kucheza? Kwingine mtu alicheza kwa raha yake, akang'olewa meno kwa raha yake, na Jumatatu akaenda kazini na pengo lake. Wenye migodi wa kwetu waliamua kwamba raha haitoshi kuifunga timu ya mji wa Marlow, wakaleta wanaume saba kutoka Kanada, kila mmoja na mshahara wake wa wiki.

Wa nane alikuwa wa hapa hapa. Alikuwa mdogo wangu, Jory.

Mama yetu, Keziah Trembath, mwimbaji wa kanisa la Methodisti kwa miaka thelathini, hakulikubali jambo lile hata siku moja. "Kulipwa kwa kucheza," alisema, "ni kama kulipwa kwa kula. Mwakani watamlipa mtu alale." Kwa hiyo tangu Desemba hakupokea kitu chochote kilichonunuliwa kwa mshahara wa Jory. Sukari aliirudisha. Makaa aliyarudisha. Jory alimnunulia shali ya sufi, ya kijani, nzuri kiasi kwamba mimi mwenyewe niliionea wivu. Mama akaiweka juu ya kabati ndani ya karatasi yake, na kila Jory akija kumsalimia, karatasi ile ilikuwa bado imefungwa kwa kamba ile ile ya dukani.

Jory alikuwa amepiga koleo mgodini miaka mitano kabla ya kuitwa kwenye timu. Alikuwa mlinzi wa pili, mbele kidogo ya mlinzi wa nyuma. Sitamsifia kwa sababu ni ndugu yangu. Aliteleza kama mtu aliyebeba kabati mgongoni. Kugeuka alihitaji muda na nafasi. Lakini alikuwa na ufundi mmoja: kuinua. Kisahani, kile kidude bapa cha mpira mgumu tunachochezea badala ya mpira, kikimfikia, alikipitishia gongo chini yake, akakirusha juu hadi karibu na mihimili ya paa, kikaenda kuanguka upande wa pili wa uwanja. Ndiyo kazi ya mlinzi, kuondoa hatari mlangoni pa goli. Wengine waliifanya kwa madaha. Jory aliifanya vile vile alivyotupa mawe kwenye toroli, magoti yamekunjwa na mgongo umeinama, na watu wa jukwaani wakambatiza jina Koleo.

"Koleo! Lete toroli!"

"Koleo, zamu imeisha, panda juu!"

Alikuwa anacheka pamoja nao. Jory hakuwa mtu wa kununa.

Sasa nieleze habari ya pasti, maana ndiyo kesi yenyewe. Wazee wetu walikuja na pasti kutoka Kornwali, kule Uingereza, na bila pasti mgodi wa shaba hauchimbiki. Ni unga uliokunjwa juu ya nyama, viazi, vitunguu na tanipu, ukingo ukasokotwa kama kamba. Kwenye kona moja mpishi anabandika herufi ya jina la mlaji, kwa kipande cha unga huo huo. Mtu anaanza kula kwa kona nyingine; akiitwa kazini akabakiza, akirudi anajua ya kwake ni ipi. Huko chini watu hawajapigana kwa ajili ya shaba hata mara moja. Kwa ajili ya pasti, wamepigana.

Siku ya mechi ya kwanza, Desemba, Bwana Stannard aliingia jikoni asubuhi, akasimama mbele ya jiko.

"Loveday," aliliambia jiko, "leo Cobb hachezi."

Wanaoingia uwanjani ni saba, na hakuna kubadilishana: aliyeanza ndiye anayemaliza, labda abebwe. Kwa hiyo kila mechi lazima mmoja kati ya wanane akae.

"Mwambie mwenyewe," nikasema.

"Nilifikiri labda wewe..."

"Mimi ni mpishi, Bwana Stannard. Si tarishi."

Akaangalia bomba la moshi. "Basi usimpikie," akasema, akaondoka haraka kama mtu anayekimbia mvua.

Nikadhani ni agizo la chakula tu, kwamba asiyecheza hahitaji kushiba sana. Nikapika pasti saba, na bakuli la supu kwa Cobb. Saa sita wanaume wakaja mezani, kila mmoja akatafuta herufi yake. Cobb alipekua mara mbili. Mara ya tatu akakaa mbele ya supu.

"Kwa hiyo leo sichezi," akasema.

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Bwana Stannard alikuwa nyuma ya mlango, akingoja kelele ziishe ndipo aingie. Kelele hazikutokea. Usiku huo tukashinda kumi na moja kwa mbili.

Wacheza magongo wanaamini mambo ambayo hata nyanya yangu, aliyekuwa anawapasha nyuki habari za msiba, angeyaona ni ya kijinga. Haskett, golikipa wetu, hakufua soksi yake ya kushoto tangu Desemba hadi Machi. Nilikuwa naishikia kwa koleo la makaa. Watu wa namna hiyo wakishinda baada ya kula pasti zenye herufi, unategemea nini? Ikawa desturi. Bwana Stannard akaipenda kuliko wote. Kila siku ya mechi alikuja asubuhi, akaliambia jiko majina saba, akaenda zake.

Mara moja tu alivunja desturi. Januari, tukiwa tunacheza na Marlow, alibadilisha mawazo baada ya chakula: mtu aliyekula pasti akamkalisha, aliyekunywa supu akamwingiza. Tulifungwa sita kwa moja. Msimu mzima hatukufungwa tena. Jioni ile Haskett alipanda juu ya benchi la chumba changu cha kulia, na soksi yake ile.

"Kuanzia leo," akasema, "mwenye herufi ndiye mchezaji. Meneja akitaka kubadilisha, abadilishe kabla unga haujaingia kwenye tanuri. Umesikia, Bwana Stannard?"

Bwana Stannard akaliambia bomba la moshi kwamba amesikia.

Februari Cobb akavunjika mfupa wa bega, akarudi kwao. Wakabaki saba, pasti saba, hakuna supu ya mtu, na meneja wetu akawa na furaha kama kijakazi aliyeachiwa nyumba. Tukashinda na kushinda. Halafu fainali ikapangwa dhidi ya Marlow, wale wale waliotufunga, na wenye migodi wakaingiwa na hofu. Wakamnunua Octave Gadbois.

Alishuka kwenye treni Jumanne, fainali ikiwa Jumamosi. Alivaa koti la manyoya, na alikuja na kioo chake mwenyewe cha kujitazamia, kana kwamba Larkin hatuna nyuso. Lakini alikuwa anaweza. Kwenye mazoezi ya Jumatano aliuzunguka uwanja mzima wakati Jory anafunga kamba ya kiatu cha kushoto. Kisha akaja kusimama mbele yake kwa mbwembwe, vyuma vya viatu vikirusha unga wa barafu.

"Kaka," akamwuliza Haskett, "hili kabati ni la timu, au kuna mtu amelisahau hapa?"

"Mimi ni sehemu ya ukuta," Jory akajibu. "Ukitaka kuhakikisha, jigonge."

Wakacheka wote. Lakini tulikuwa na wanaume wanane tena, na kila mtu mjini, hadi mkata nywele, alijua ni nani atakayekunywa supu Jumamosi.

Alhamisi Mama akaingia jikoni kwangu na kofia ya kuazima.

"Inanikaa?"

"Inakukaa, Mama. Unaenda kwenye mazishi ya nani?"

"Usinichezee. Jumamosi nakuja kwenye magongo."

Nikaweka mwiko chini. Miezi minne, Mama hakuwahi kupita hata barabara ya ukumbi wa magongo.

"Wanawake wa kwaya wamenichosha," akasema. "Keziah, mji mzima unamshangilia mwanao, wewe tu hujui akiteleza anafananaje. Haya. Nitakuja mara moja. Nataka nione kwa macho yangu ni kitu gani hicho wanachomlipia. Nikiona ni cha maana, nitaifungua ile shali. Nikiona ni upuuzi, nitamrudishia mbele yenu wote, na asiniletee kitu tena hadi atakapokuwa na kazi."

Akaivua kofia, akaishika kama yai, akatoka. Nami nikabaki nikiwaza jambo moja tu. Mama alikuwa anakuja kuona mwanawe analipwa kwa kucheza. Angemkuta amekaa kwenye benchi, amejifunika blanketi, analipwa kwa kukaa.

Ijumaa mchana Jory alikuwa kwenye ngazi ya nyuma akinoa vyuma vya viatu vyake. Alivinoa taratibu sana.

"Dada," akasema, "mwambie Mama asije."

"Mwambie wewe."

"Nimeshindwa. Nimemkuta anafanya mazoezi ya kukaa na ile kofia."

"Labda utacheza."

"Dada, na wewe unaona vizuri. Hata mimi ningekuwa Stannard ningemchagua Gadbois. Yule mtu anateleza kama kakanyaga siagi." Akapuliza vumbi la chuma. "Kutocheza si neno. Nimecheza mechi nyingi. Ila hii moja."

Akarudi kunoa. Na mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiri jambo ambalo si la kumwambia mchezaji.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nakata nyama Bwana Stannard alipoingia. Safari hii hata kuongea na jiko kulikuwa kuzito kwake. Aliandika majina kwenye karatasi ya duka lake, ile yenye picha ya mizani, akaiweka karibu na pipa la unga.

"Ni hao," akaliambia pipa.

Nikasoma. Majina saba. Octave lilikuwepo. Jory halikuwepo.

"Mama yangu anakuja leo," nikasema.

"Ni mama mzuri," akasema Bwana Stannard. "Lakini Marlow wana kasi."

"Nimesikia," nikasema.

Naomba msomaji aangalie vizuri nilichosema. Nilisema nimesikia. Sikusema sawa, sikusema ndiyo. Bwana Stannard akaondoka ametulia, na ile karatasi nikawashia tanuri. Iliwaka vizuri, karatasi ya duka la dawa ina nta kidogo.

Nikasukuma unga. Nikajaza, nikakunja, nikasokota. Nikabandika herufi sita bila kufikiri. Ya saba nikaikata polepole, na nikaibandika kwa ute wa yai ili isije ikabanduka na kuniumbua: J. Wakati huo paa lilikuwa linadondoka. Upepo ulikuwa umegeuka tangu alfajiri, unatoka kusini, na theluji ya wiki kumi ilikuwa inateremka kwenye mabati yangu matone kwa matone. Wapo watakaosema niliyasikia matone yale nikapiga hesabu. Sikupiga hesabu yoyote. Niliwaza nguo zangu kwenye kamba.

Saa sita wakaja. Wakapekua. Haskett yake, fulani yake. Jory hakupekua kabisa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chenye supu, akakaa, akashika kijiko.

"Toka hapo," Haskett akamwambia. "Ya kwako hii hapa. Unataka nikulishe?"

Jory akaangalia pasti, akaniangalia mimi. Mimi nilikuwa na shughuli nyingi sana na upawa.

Gadbois alisimama na mikono kiunoni. Alikuwa ameshaelezwa desturi siku ya kwanza, akaicheka. Sasa alipekua mwenyewe, akainua hata sahani kuona chini.

"Yangu iko wapi?"

"Yako ni supu," akasema Haskett, mdomo umejaa.

"Mimi? Wamenileta kwa treni siku mbili nije kunywa supu?"

"Ni supu nzuri," nikasema. Na ilikuwa nzuri kweli. Nilikuwa nimeiwekea mfupa mkubwa. Sikuwa na ubaya na mtu.

Ndipo mlango ukafunguka, Bwana Stannard akaingia akitegemea kuona yote yamekwisha. Akamwona Gadbois mbele ya bakuli. Akamwona Jory ameinua pasti, na J ile imeshapita nusu kinywani. Masharubu yakashuka. Akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza msimu ule chumba kizima kikamngoja meneja aseme.

Haskett akaacha kutafuna. "Una la kusema, Bwana Stannard? Kwa sababu unga umeshatoka kwenye tanuri. Unaikumbuka Januari?"

Wanaume saba wakamkazia macho. Yeye akatafuta jiko, lakini jiko lilikuwa chumba kingine.

"Nilitaka kusema," akasema Bwana Stannard, "supu inanukia vizuri."

Akatoka.

Tulifika ukumbini mapema ili Mama apate kiti. Alikuja na ufumaji wake, kwa sababu hakutaka mtu adhani amekuja kupoteza muda. Ukumbi ule ulikuwa banda la mbao. Barafu ni ile inayotengenezwa na baridi yenyewe kwa kufungua madirisha, na siku hiyo madirisha yalikuwa yanaingiza joto. Maji yalisimama juu ya barafu, vidole viwili, mahali pengine vitatu. Paa lilikuwa linanyesha. Mwamuzi aliingia na mwavuli.

"Wanacheza mpira au wanavuka mto?" Mama akauliza.

"Ngoja, Mama."

Kipindi cha kwanza kilikuwa aibu. Hakuna aliyeweza kuteleza. Watu wenye kasi wa Marlow walianza mbio, wakasukuma kisahani, kisahani kikazama na kusimama, wao wakakipita na kuanguka mbele yake. Wa kwetu hivyo hivyo. Jory alianguka mara nne, na kila akianguka lilitokea wimbi. Marlow wakapata goli kwa bahati, lundo la watu limeangukia mlangoni kwetu na kisahani katikati yao kama mchele kwenye gunia. Moja bila.

"Ndiyo hiki?" Mama akauliza. Sindano zake zilikuwa zinagongana kwa kasi kuliko mtu yeyote uwanjani. "Hiki ndicho wanachomlipia? Kuoga na nguo?"

Karibu yetu, kwenye benchi, Gadbois alikuwa amejifunika blanketi hadi shingoni, koti lake la manyoya limelowa na kunuka mbwa. Bwana Stannard alikuwa anaiangalia nguzo.

Kipindi cha pili, dakika ya kumi hivi, kisahani kikamfikia Jory nyuma kabisa, kikasimama mbele yake ndani ya maji. Mtu wa Marlow akawa anamjia. Jory akakunja magoti, akainama, akaingiza gongo chini ya maji na chini ya kisahani, akatupa.

Kikatoka na maji yake. Kilipaa juu ya vichwa vyote, na kwa kuwa hewani hakuna dimbwi, hakuna aliyeweza kukizuia. Kikaanguka mita mbili mbele ya golikipa wa Marlow, *pwaa*, kikatulia pale pale kama chura. Mtu wetu wa mbele alikuwa amesimama karibu akikamua soksi, akakisukuma tu. Goli. Sare, moja kwa moja.

"Koleo!" watu wakalipuka. "Koleo! Jaza toroli!"

Sindano za Mama zikasimama.

Baada ya hapo haikuwa magongo tena. Ilikuwa mgodi. Kila kisahani kilichopatikana alipelekewa Jory, na Jory akakipeleka angani. Marlow walikimbia nyuma wakitazama juu, matone ya paa yakiwaingia machoni, wakigongana wenyewe kwa wenyewe. Alirusha kumi. Alirusha ishirini. Mabega yake yalikuwa yanafuka moshi. Nadhani zilibaki dakika tatu aliporusha kimoja kilichopanda hadi kwenye mihimili, kikapotea huko juu penye giza. Golikipa wa Marlow akanyanyua uso kukitafuta, akafumba macho kwa sababu ya maji, na kisahani kikashuka nyuma yake. Mwamuzi wa goli anayesimama pale nyuma, ambaye kazi yake ni kupunga kitambaa cheupe, alikitoa mfukoni kimelowa kikamnatia kwenye mkono, hakikupeperuka. Ilibidi akibandue kwa mkono wa pili na kukipiga piga hewani kama anaua nzi. Lakini goli lilikuwa goli. Mbili kwa moja, na ikaisha hivyo.

Watu walishuka uwanjani na viatu vyao vya Jumapili, maji hadi kwenye vifundo. Mimi nilikuwa nalia. Mama alikuwa anakunja ufumaji wake.

"Loveday."

"Ndiyo, Mama."

"Kumbe wanamlipa kupiga koleo."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa kwa nini hamkusema tangu mwanzo? Ile si kucheza. Ile ni kazi." Akamtazama Jory, aliyekuwa amebebwa na wanaume sita wanaoteleza na kumwangusha kila hatua mbili. "Baba yake alikuwa anakunja magoti vile vile."

Jory alipotufikia alikuwa hana jino moja la mbele, na alikuwa ananiangalia mimi.

"Dada, ni kweli Stannard alinichagua?"

"Mama anakusubiri," nikasema.

Jumapili Mama alikwenda kanisani na shali ya kijani. Kamba ya dukani alikuwa ameikunja na kuiweka mfukoni, maana kamba nzuri haitupwi.

Gazeti la mji liliandika kwamba ubingwa umeletwa na Bwana Ellery Stannard, ambaye "kwa kusoma hali ya hewa kisayansi" alimweka kando mchezaji ghali kuliko wote na kumchagua mtu anayefaa kwa maji. Wenye migodi walimpa saa ya dhahabu. Hakukanusha. Nilimwona mlangoni pa kanisa akiwaeleza watu habari za upepo wa kusini, huku akikiambia chungu cha maua.

Mchana akaja jikoni kwangu. Gadbois alikuwa amekaa mezani na mabegi yake, treni yake ikiwa Jumatatu, anakunywa supu ile iliyobaki kwa sababu alikuwa ameanza kuipenda. Bwana Stannard akasimama mbele ya jiko kama kawaida, saa ikining'inia tumboni.

"Loveday," aliliambia jiko, "niliandika Octave."

"Uliandika."

"Umenidharau mbele ya watu wangu." Kisha jambo la ajabu likatokea. Aligeuka. Aligeuka mwili mzima, akaniangalia machoni, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ana macho ya kijivu, si mabaya hata kidogo. "Nataka uniombe radhi. Mimi, na huyu bwana hapa."

"Mimi msinitie humo," akasema Gadbois. "Kwenye maji yale ningezama na koti langu. Sitaki radhi. Nataka pasti ya safari. Iwe na herufi."

"Utaipata," nikamwambia. "O kubwa."

"Basi mimi," akasema Bwana Stannard, macho bado yako pale pale. Nilimhurumia kidogo, ilikuwa inamgharimu. "Mimi je?"

Nikapangusa unga mikononi. Nilijua anachotaka nikiri: kwamba sikujua chochote juu ya maji, kwamba barafu ingekuwa kavu tungefungwa, kwamba nilimweka ndugu yangu kwa sababu ni ndugu yangu na mama yangu alikuwa na kofia ya kuazima. Vyote ni kweli, na nikamwambia vyote, kimoja kimoja, tukitazamana.

"Kwa hiyo?" akasema.

"Kwa hiyo, hiyo saa nakuachia, Bwana Stannard, ivae. Na keshokutwa nikikupata jikoni kwangu unaongea na jiko, nitakuuliza kama jiko limekujibu. Lakini radhi siombi. Leo siombi, na mwakani pia siombi."